Mama Hakufika Maskati

Wiki jana mlinzi wa jengo tunaloishi hapa Tudor alimwogesha mbwa wake dawa ya kupe. Aliichanganya kwenye ndoo, chini penye mabomba ya maji, na harufu ikapanda ngazi hadi jikoni kwangu nikiwa nakatakata vitunguu. Ni harufu kali, kama ya lami iliyotiwa mafuta ya taa. Niliweka kisu chini. Mume wangu akaniuliza kama vitunguu vimenichoma macho, nikamwambia ndiyo, maana kumweleza kungechukua siku nzima. Nilipokuwa mtoto niliamini kwamba hiyo ndiyo harufu ya ndege ya abiria.

Tulikuwa watatu, mimi, Mama na Bibi, tukiishi ghorofani katika nyumba ya zamani ya ukoo wa Bibi, Mji wa Kale. Wenzangu mliokulia kwenye vichochoro vile mtakumbuka kwamba mtu hakuweza kupiga chafya kwake asisikie dua kutoka nyumba ya mbele. Jirani yetu wa mbele, Bi Rukia, alikuwa akimpa Bibi bakuli la mchuzi dirisha kwa dirisha, bila ya mmoja wao kushuka ngazi. Bi Rukia alikuwa mwema, na nataka hilo lijulikane mapema, kwa sababu huko mbele mtu anaweza kumdhania vibaya. Hakuna aliyekuwa mbaya katika haya ninayoyasimulia, isipokuwa mtu mmoja ambaye sikuwahi hata kumwona uso.

Baba alimwacha Mama nikiwa nanyonya, akaenda kuoa Malindi, na habari zake zikaishia huko. Mama akashona kofia. Alikuwa na mkono mzuri, lakini kofia za mashine zilipoingia madukani, za mkono zikakosa wanunuzi. Akakaanga viazi na bajia jioni, akaviuza mlangoni, na karibu kila mlango wa mtaa ule ulikuwa na mama mwingine na karai lake. Ndipo alipotokea dalali wa kuwapeleka wanawake Maskati kufanya kazi za nyumbani.

Siku ya kuagana alisomewa dua. Wanawake wa mtaa walijaa chumbani mpaka wengine wakaketi kwenye ngazi, kahawa ikanywewa, halwa ikaliwa, na Bi Rukia akamfunga Mama mtandio mpya kichwani kwa mikono yake mwenyewe. Mimi nilikuwa darasa la pili. Nilijipenyeza hadi mapajani mwa Mama nikamuuliza, "Ndege yapita juu ya nyumba yetu?"

"Yapita," akasema. "Uniangalie."

Baada ya hapo kila jioni nilipanda darini kwetu palipoanikwa nguo, nikatazama angani. Kila ndege iliyopita niliipungia mkono, maana sikujua ipi ni yake.

Yaliyotokea kweli niliyajua baadaye sana, kutoka kwa Mama mwenyewe. Dalali alitoweka na pesa za safari. Wanawake waliokwenda kumngoja siku ya safari walikuta mlango wa ofisi yake umefungwa kwa kufuli na simu haipokelewi. Mama akabaki barabarani na begi lake, amevaa mtandio wa Bi Rukia. Kurudi nyumbani aliona haya. Akaenda Majengo kwa mwanamke aliyemfahamu, Halako, Muorma aliyekuwa akiuza maziwa na ambaye zamani alikuwa mteja wake wa bajia. Kutoka kwetu hadi Majengo mtu huenda kwa miguu na asichoke. Mama alikuwa hapo, amelala kwenye jamvi la Halako, nami niko darini napungia ndege.

Bibi alipopata habari alimfuata huko kwa siri. Mama alinihadithia mazungumzo yao kama yalivyokuwa.

"Watu washasoma dua, Swafiya," Bibi alimwambia. "Washakula halwa yetu. Niwaambie nini?"

"Waambie kweli, Mama. Kwani mimi ndiye niliyeiba?"

Bibi alikuwa mwanamke wa ukoo uliotoa walimu wa dini na wafanyabiashara, na sasa kilichobaki cha ukoo huo kilikuwa nyumba inayopukutika chokaa na jina. Bintiye ameachwa, bintiye amedhulumiwa na tapeli, bintiye anarudi na begi lake mbele ya macho ya mtaa mzima. Hakuweza kulimeza hilo. Halako, aliyekuwa kwenye kizingiti akiosha vibuyu vyake, akasema kwamba kuna ranchi moja ya ng'ombe huko bara, mbali na barabara kuu, yataka wanawake. Yeye mwenyewe alifanya kazi pale kabla ya kuja mjini. Mvua zilikuwa zimekosekana, wanaume wameyapeleka mbali makundi yenye nguvu kutafuta malisho, na ng'ombe dhaifu na ndama wameachwa bila watu wa kuwatunza.

"Hajawahi kushika hata mbuzi, huyu," Bibi alisema.

"Atazoea," Halako akamjibu.

Hivyo ndivyo Mama alivyokwenda kuchunga ng'ombe, na mtaani kwetu ikabaki kwamba yuko Maskati.

Simu zake zilikuja mara moja moja, kwa sababu kule ilibidi apande kilima kupata mtandao. Bibi aliongea naye kwanza kwa sauti ya chini, kisha kwa sauti kubwa, dirisha likiwa wazi: "Alhamdulillahi, na hao mabwana zako wazima?" Kisha akanipa mimi simu. Siku moja nilisikia kitu kinalia nyuma ya sauti ya Mama, kilio kirefu kizito.

"Mama, ni nini hicho?"

"Gari."

"Magari ya Maskati hulia hivyo?"

"Mengine," akasema.

Nilikwenda madrasa nikawaigiza wenzangu mlio wa magari ya Maskati. Mwalimu alinichapa kwa kuwachekesha watu, na nilijiona shujaa.

Kabla ya Idi alituma kifurushi. Ndani mlikuwa na gauni la manjano, limefungwa kwenye kanga yake kuukuu, na kanga ilitoa ile harufu. Niliizika pua yangu humo.

"Bibi, yanuka nini?"

Bibi aliitwaa, akainusa, akageuza uso. "Harufu ya ndege," akasema. "Ndege ndivyo zinukavyo."

Gauni nililivaa Idi nikalichafua siku hiyo hiyo. Kanga sikukubali ifuliwe. Nilijifunika nayo kila siku mchana nilipolazwa, nikawa navuta ile harufu mpaka kichwa kikauma, na nikijiona niko kitini, mawingu chini yangu, naenda kwa Mama.

Kisha simu zikakoma. Bibi akawa hali vizuri. Alikaa na simu mapajani, akaifuta kwa upindo wa leso, akaitazama. Mwishowe akaniambia nivae viatu. "Twaenda kumwona mamako."

Nilivaa lile gauni la manjano na madoa yake. Bi Rukia aliambiwa kwamba twaenda mazishini Mariakani. Halako alitungoja kituoni, nami sikujiuliza kwa nini muuza maziwa aende nasi Maskati. Nilijua njia ya uwanja wa ndege kwa sababu tulikuwa tumewahi kumpokea haji mmoja wa jamaa zetu. Basi letu lilipofika pale pa kukunja, likapita moja kwa moja, nikasimama kitini nikapiga kelele: "Bibi! Tumepita ndege! Mwambie dereva tumepita ndege!"

Watu walicheka. Bibi alinivuta nikaketi.

Tulishuka kwenye kijiji chenye maduka machache ya mabati, tukapanda lori lililokuwa likipeleka marobota ya nyasi kavu, tukaenda njia ya vumbi jekundu hadi mchana. Sikuwa nimewahi kuona ardhi kama ile. Miti ilikuwa miiba mitupu. Mizoga ya ng'ombe ilikuwa kando ya njia, mingine ngozi imekauka juu ya mbavu kama shuka iliyoanikwa, na Bibi akanifunika macho kwa buibui lake. Nilichungulia chini ya mkono wake. Nilifikiri ndiyo jangwa la Arabuni nililosimuliwa madrasa, na nikafurahi kwamba tumefika.

Kwenye zizi kubwa tulikuta wanawake kama kumi hivi, wamevaa mabuti ya mpira na suruali za kiume chini ya madira, nyuso wamezifunga kwa kanga. Walikuwa wakinyanyua ng'ombe. Ng'ombe aliyedhoofu akilala hawezi kuamka mwenyewe, na akiachwa chini hafi haraka, hufa pole pole, kunguru wakimngoja. Kwa hiyo walipitisha magunia na miti chini ya tumbo lake, mmoja akashika mkia, mwingine pembe, wakaita pamoja, wakainua. Mnyama alisimama akitetemeka miguu yote minne. Mwanamke mmoja akamkumbatia shingo na kumwegemeza begani, akimsemesha sikioni. Ng'ombe akayumba, akaanguka, na mwanamke akaanguka naye. Aliinuka akijifuta vumbi, akaanza tena kupitisha gunia. Wenzake walikuwa wamekwisha kumkatia tamaa yule ng'ombe na kuondoka, yeye alibaki.

"Swafiya," Bibi akaita.

Mwanamke aligeuka. Akafungua kanga usoni. Alikuwa mweusi kwa jua, midomo imepasuka, mashavu yameingia ndani. Sikumkimbilia. Nilisimama nyuma ya Bibi nikauliza, "Maskati ni hapa?"

Mama alimtazama Bibi, Bibi akatazama chini. Kisha Mama akachuchumaa mbele yangu. Alinuka ile harufu yangu ya ndege, mikono yake yote hadi viwikoni, kwa kuwa asubuhi hiyo walikuwa wamewatia ndama dawa ya kupe. Nikaelewa harufu ile ni ya nini. Nililia, na wote wakadhani nalia kwa kumhurumia. Nilikuwa nikililia ndege.

Tulikaa chini ya paa la mabati, tukapewa chai isiyo na maziwa, na hapo ni mahali pa ng'ombe. Bibi alisema, "Funga vitu vyako twende. Tutajua la kuwaambia watu."

"Wale waliolala pale ni wangu mimi," Mama akasema. "Kila mtu ana wake. Nikiondoka leo, kesho hakuna wa kuwainua."

"Ni ng'ombe, Swafiya."

"Najua ni ng'ombe." Alikuwa akitetemeka, na nje jua linachoma. Bibi alimgusa paji la uso.

"Una homa."

"Ya kuchoka tu. Yaja jioni, asubuhi yaondoka."

Alituonyesha banda la ndama. Mitamba walikuwa wakizaa kabla ya wakati, akasema. Ndama hutoka wafu, na mara nyingine nyama ya uzazi hukwama ndani ya mtamba, na wao wanawake huitoa kwa mikono. Glavu zilikuwa zimekwisha zamani. Alisema hayo kwa utulivu, jinsi alivyokuwa akieleza namna ya kukanda unga wa mahamri. Akaongeza, na hapo uso wake ukachangamka kidogo, "Lakini mmoja alitoka mzima. Nilimpulizia puani mpaka akavuta pumzi." Yule ndama alikuwa hapo, mwekundu, macho makubwa. Nilimpa kidole changu akakinyonya. Bibi aliuliza atarudi lini. Mama akasema mvua ikinyesha.

Mvua ilichelewa mno. Ilipokuja, ikaja ya baridi na upepo, na ng'ombe waliokuwa wamehimili kiangazi wakaanguka kwenye matope wakafa karibu wote, yule ndama mwekundu pia. Ranchi ikawaachisha wanawake kazi. Mama akarudi nyumbani jioni moja, amevaa buibui safi aliloazimwa na Halako, na akapanda ngazi akipumzika kila baada ya vidato vichache.

Siku ya pili mtaa mzima ulikuja kumpa pole ya safari. Bibi alikuwa ameshapita madukani akanunua udi na vichupa vya marashi, akavipanga kwenye sinia, na kila mgeni akapewa zawadi yake ya Maskati. Mama aliketi kitandani amejifunika blanketi mchana wa joto. Wakamuuliza Maskati kukoje.

"Joto," akasema. "Ardhi kavu. Ukiangalia huoni mwisho."

"Na watu wake?"

"Nilikuwa na wenzangu wanawake. Wema sana. Tukiitana asubuhi, hakuna anayebaki nyuma."

"Na kazi? Walikutesa?"

"Kazi ilikuwa nzito," Mama akasema. "Ulikuwa ukiinua kitu, kinaanguka. Ukiinua tena, kinaanguka." Bi Rukia akatikisa kichwa kwa huruma, akidhani ni mizigo ya matajiri. Bibi alisimama akaenda jikoni kuongeza kahawa ambayo ilikuwa bado imejaa kwenye birika.

Homa haikuondoka. Ilikuja alasiri, ikamtoa jasho mpaka godoro likalowa, ikaondoka, ikarudi. Viungo vikamuuma, kisha mgongo. Bi Rukia alimjua muuguzi mmoja kwenye zahanati ya karibu, na kwa wema wake hakukubali twende peke yetu. Kila mara alikuwa pale, amemshika Mama mkono, yeye upande huu na Bibi upande ule. Na kila mara daktari aliuliza swali lile lile: "Alikuwa akiishi wapi? Akifanya kazi gani?"

"Maskati," Bi Rukia alijibu kabla ya mtu mwingine kufungua kinywa. "Kazi za nyumba."

Nilikuwa nimeketi kwenye benchi, miguu haifiki chini. Nilimtazama Bibi. Bibi alitazama ukuta. Mama alifumba macho. Wakampa dawa ya malaria. Mara nyingine wakampa ya homa ya matumbo, mara nyingine sindano ambazo hatukuelezwa ni za nini. Bibi akaleta shekhe amsomee, akamfukiza ubani, akamnywesha maji ya zafarani. Mimi nilidhani kila mtu anajua kitu ambacho mimi sijui, na kwamba wakubwa wakinyamaza ndiyo sehemu ya tiba.

Halako alikuja kumtazama mgonjwa, amebeba kibuyu cha maziwa. Ilikuwa mchana, Bi Rukia yuko juu anamkanda Mama mgongo. Bibi alishuka akamkuta mlangoni.

"Amelala," akamwambia.

"N'tamngoja hapa nje."

"Usijisumbue, dada. Tutamwambia umekuja."

Halako alisimama pale kichochoroni kwa muda, akipisha wapita njia. Aliniona dirishani, akafungua kinywa kama mwenye neno, kisha akaweka kibuyu kwenye kizingiti akaondoka. Miaka mingi baadaye nilikutana naye, akaniambia kwamba wanawake watatu wa pale ranchi walikuwa wamelazwa kwa ugonjwa ule ule, na siku ile alikuwa amekuja kutuambia tuuulizie hospitalini.

Ni daktari wa kike, kijana, katika hospitali kubwa, aliyewatoa watu wote nje ya chumba. Wakati huo Mama hakuweza tena kutembea bila kushikwa pande zote mbili. Walibaki wawili ndani, mlango umefungwa, na Mama akamwambia. Walipomaliza, daktari alitoka akamwita Bibi pembeni, nami nikamfuata kwa kuwa hakuna aliyenikataza. Alisema ni ugonjwa wa ng'ombe. Humwingia mtu akishika ndama aliyetoka kabla ya wakati, na dawa zake si ghali wala si ngeni. "Mngesema mwanzo," alisema, tena bila ukali, "tungemtibu akainuka. Sasa umeingia kwenye uti wa mgongo, na moyo wake sioni kama uko salama."

Dawa alipewa. Homa ikapungua, na kwa wiki chache Bibi akawa anacheka peke yake jikoni. Mama alikaa dirishani, akanihadithia mambo ya ranchi kwa sauti ya chini, na hapo ndipo nilipoyapata mengi ya haya. Aliwataja wenzake mmoja mmoja, aliwataja na ng'ombe. Sikumsikia hata mara moja akimlaumu mtu. Nilikuwa nimeanza kuamini atasimama. Alikufa asubuhi moja nikiwa shuleni, akiwa ameomba maji, na Bibi alipogeuka na kikombe akamkuta ameshakwenda. Kwenye matanga watu walisema Maskati huwarudisha watoto wetu wakiwa wamekwisha. Hakuna aliyewasahihisha.

Bibi aliishi muda mrefu baada ya hapo. Hakuacha sala hata moja, hakumsema mtu, alinilea vizuri. Tulikuwa tukila pamoja, tukilala chumba kimoja, na jina la ugonjwa ule halikutajwa kwetu. Nilipokaribia kuolewa, na yeye ameshakuwa wa kulazwa na kuinuliwa, nikiwa namkanda miguu kwa mafuta ya nazi, nilimuuliza. Sikupanga kumuuliza.

"Bibi, kwa nini hukumwambia daktari?"

Alikuwa akiutazama mlango, si mimi.

"Nilidhani," akasema, "homa ni homa."

Niliendelea kumkanda mpaka akalala. Kisha nikamfunika miguu, nikashuka chini kununua mkate.